Mgawanyo wa Utando

Ngoma ilikuwa ndani ya tanuri la kukaushia vyombo vya kioo, na hilo lilimkera mlinzi wa maabara kuliko mambo yote aliyowahi kuyaona kazini.

"Mwalimu, humo huwa tunaweka chupa," alisema. "Ngozi ya ng'ombe haijawahi kuingia humo tangu jengo hili lijengwe."

"Basi leo imeingia," Sekela akamjibu, akaendelea kuchungulia kupitia kioo cha mlango.

Nje, ukungu wa Lusubilo ulikuwa umeshuka hadi madirisha ya chini. Ilikuwa ile baridi ya mwezi wa saba ambayo huwafanya hata maprofesa wa hisabati wavae kofia za sufu darasani, na ngozi ya ngoma ikipatwa na baridi ya namna hiyo hulegea, ikatoa sauti ya debe lililotoboka. Nyumbani angeikausha kwa moto wa mkaa. Hapa mkaa ulikatazwa, kiberiti kilikatazwa, hata viatu vyake alivivua mlangoni akapewa malapa ya plastiki. Likabaki tanuri.

Sekela alikuwa na miaka hamsini na tisa, mvi kichwa kizima, na mwaka wa tisa sasa alikuwa mkuu wa Idara ya Sanaa za Maonyesho katika chuo kikuu cha utafiti cha Lusubilo, chenye darubini tatu, handaki la kupasulia chembe chini ya mlima, na bwawa la kukuzia figo za binadamu. Idara yake ilikuwa na vyumba viwili nyuma ya bwalo la chakula. Siku za mahafali walikumbukwa. Wakifika wageni kutoka wizarani walikumbukwa pia, wakaombwa wavae rangi zinazong'aa. Siku nyingine zote waliachwa na harufu ya kabichi.

Kitu kimoja tu kiliwaunganisha na maabara, nacho ni Kifungu cha Kumi na Moja. Kiliandikwa baada ya wanasayansi wa nchi moja ya mbali kugundua, wakiwa wameshakikata, kwamba kile walichokikuza ndani ya beseni kilikuwa kikijaribu kuwajibu. Tangu hapo, pale Lusubilo, chochote kilichokuzwa hakikatwi mpaka idara tatu zitie sahihi. Baiolojia huulizwa kama kinaumia. Sheria huulizwa ni mali ya nani. Sanaa huulizwa kama kinatunga, maana yake kinafanya jambo zuri ambalo hakuna aliyekiagiza. Sanaa ikijibu ndiyo, kitu hicho hakiguswi bila ridhaa yake chenyewe. Sekela alikuwa amepelekewa vitu vinane mpaka siku ile. Alivipigia ngoma vyote, vikakaa kimya kama mchicha sokoni, akaandika "hapana" na kurudi kwenye chai yake.

Cha tisa kiliitwa Utando.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Profesa Kokuhirwa, mwanamke mrefu wa Bukoba ambaye ndiye aliyeukuza. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Samahani kwa kukuharakisha. Dakika kumi zitatosha?"

"Marahaba. Wenzake nane hawakufikisha hata tano."

Kokuhirwa akamwongoza hadi kwenye beseni la chuma lililokuwa pana kama turubai la kuanikia mahindi. Ndani yake, chini ya maji ya uvuguvugu, ulitandazwa utando laini wa chembe hai, rangi ya maziwa yaliyomwagiwa chai kidogo. Ulikuwa na mabaka arobaini, na chini ya kila baka palikuwa na taa ndogo iliyowaka kila baka hilo lilipofikiri. Ukingoni mwa beseni palikuwa na vinyundo arobaini vya kutikisa maji ili chakula kisambae. Utando wenyewe ndio ulioviendesha, bila kufundishwa, kama mtu anavyoendesha kifua chake akihema. Taa zilikuwa zikikimbizana huku na huko bila kelele, na Sekela alijikuta ameshusha sauti kama aliyeingia chumba chenye mtoto mchanga.

Kazi ya Utando aliijua, kama kila mtu nchini alivyoijua. Homa ya ganzi huanza vidoleni mwa miguu, hupanda, na ikifika kifuani imemaliza. Kirusi chake hubadili umbo kila baada ya siku ishirini na moja, na dawa ya umbo la jana haifai kitu kesho. Hapakuwa na mashine iliyoweza kulitafuta umbo la dawa mpya isipokuwa Utando, lakini ulitumia siku thelathini. Kila mara dawa ilifika siku tisa baada ya kirusi kuhama.

"Tukiukata vipande arobaini," Kokuhirwa alieleza, "tukavikuza, vikagawana kazi, dawa itapatikana kwa siku nne. Tutakuwa tumekitangulia. Kwa mara ya kwanza, Mwalimu, tutakuwa tunakisubiri mlangoni."

"Na Utando wenyewe?"

Kokuhirwa aliangalia maji. "Vipande vitaikumbuka kazi. Havitakumbuka kwamba viliwahi kuwa kitu kimoja."

Sekela hakuuliza zaidi. Mdogo wake, Tumpe, alikuwa wodi namba sita ng'ambo ya bustani ya chuo, ganzi imeshafika magotini. Kama kulikuwa na siku aliyotamani kuandika "hapana" akaondoka, ilikuwa siku hiyo.

Akaitoa ngoma tanurini, akaketi kwenye kiti cha maabara, akaipachika kati ya magoti. Alipiga mwito wa siku ya kwanza darasani: mapigo manne, kisha kimya cha mapigo manne. Mapigo manne, kimya. Mapigo manne, kimya.

Mzunguko wa nne, kimya kilijibiwa. Vinyundo vinne vya ukingoni viligonga chuma, kwa upole, moja, mbili, tatu, nne.

Mlinzi aliyekuwa akielekea mlangoni alisimama.

"Ni mwangwi tu," Kokuhirwa alisema haraka. "Unanakili mtikisiko wa maji. Tulishawahi kuziona hizo kelele kwenye vipimo, tukaweka chujio la kuziondoa."

"Hata kasuku hunakili," Sekela alikubali. Kwa mujibu wa Kifungu, mwangwi ni "hapana." Kalamu ilikuwa mkononi. Ila lile jibu lilikuwa limekuja kwa kuchelewa kidogo sana, jinsi mtu anavyochelewa anapobisha hodi kwenye nyumba asiyoijua, na mwangwi hauna adabu ya namna hiyo. Akairudisha kalamu mfukoni. "Nipe mpaka Ijumaa."

"Watu wanakufa kila siku, Mwalimu."

"Mmoja wao nimemlea mgongoni," Sekela alisema. "Nipe mpaka Ijumaa."

*

Alikuja kila asubuhi, na kila asubuhi ngoma iliingia tanurini, mpaka mlinzi akaanza kuiwekea nafasi mwenyewe kwa kusogeza chupa.

Kufikia Jumatano Utando ulikuwa unaijua midundo mitatu ya kwao, wa mavuno, wa harusi na wa msiba. Aliutangulia, ukamfuata. Aliongeza kasi, ukaongeza. Ulikuwa mfuasi hodari, na hodari wa kufuata Sekela alikuwa nao wengi, mwaka wa pili wote walikuwa hivyo na walilipiwa ada. Moyo wake ukaanza kutulia, na alijua sababu ya kutulia kwake, akajionea haya.

Alhamisi aliingia akiwa ameamua. Aliweka fomu juu ya meza na kalamu juu ya fomu. Kisha akaona si vizuri kuondoka bila kuaga, akaichukua ngoma apige mara ya mwisho mdundo mrefu wa harusi, ule mzito ambao mahali pa kukata kona mkono wa kushoto unatakiwa kuangusha mapigo mawili ya haraka. Kidole chake cha kati cha kushoto kilivunjwa na mlango wa gari miaka mingi nyuma, na siku za baridi hakimsikilizi. Alifika konani. Pigo la kwanza likatoka. La pili halikutoka.

Wapigaji wenzake wa kwao wangekuambia nini kinafuata hapo. Mpigaji mbaya anaendelea sawasawa na njia yake, na kila mtu uwanjani anasikia umeanguka. Mpigaji wa kawaida anakusubiri uinuke. Aliyekomaa haendelei wala hasubiri. Anaiacha njia yake, anakuja pale ulipoangukia, anapiga hapo pamoja nawe kana kwamba hapo ndipo mlipokuwa mkienda tangu mwanzo, na wachezaji wanaendelea kucheza bila kujua kwamba kuna aliyekosea. Wao huita jambo hilo kumsitiri mwenzako. Halifundishiki. Sekela alijaribu kulifundisha kwa miaka thelathini na minne na akapata watu watatu, wa kwanza akiwa mdogo wake Tumpe, enzi zile akipiga ngoma kubwa na kuvaa njuga kwa wakati mmoja.

Utando uliiacha njia yake.

Vinyundo vilivyokuwa vikitembea na mkono wake wa kulia vilisita, vikageuka vyote, vikaja kwenye lile pigo lililokosekana na kulizunguka. Mapigo mengine yote yalisogea kulipisha. Mzunguko uliofuata ulipofika kona ile, Utando uliliacha pengo kwa makusudi, ukalipamba pembeni kwa vinyundo viwili vidogo vilivyogongana kama bangili, na kosa la Sekela likawa sehemu nzuri kuliko zote za mdundo ule. Alikuwa ameupiga tangu akiwa msichana. Hakuwahi kuusikia ukiwa mzuri hivyo. Mikono yake iliendelea yenyewe, na taa arobaini zikawa zinapanda na kushuka chini ya maji, zikimulika dari, uso wake, chupa, kila kitu, na aliona, kwa uhakika asioweza kuutolea hesabu, kwamba ndani ya beseni lile palikuwa na mtu wa kukaa naye.

Mdundo ulipokwisha alikuwa sakafuni, malapa yamemtoka, analia.

"Mwalimu, unaumwa?" Kokuhirwa alipiga magoti kando yake.

"Nilikosea," Sekela alisema. "Nilikosea, ukanisitiri."

Akamweleza. Kokuhirwa alisikiliza mpaka mwisho, kama msomi mzuri anavyosikiliza, akitafuta mlango wa kutokea. "Lakini kusahihisha makosa ndiyo kazi yake. Kutwa nzima unasahihisha maumbo yaliyopinda. Huenda umefanya hivyo hivyo kwako."

"Kunisahihisha ni kunirudisha nilipotakiwa kuwa. Haukunirudisha. Umeiacha njia yake ukaja kwangu." Akajifuta uso kwa mkono wa gauni. "Subiri. Hebu sikia hili."

Akapiga tena, na safari hii akakosea kusudi, kosa la wazi, la kitoto. Utando ulinyamaza kidogo. Halafu nao ukakosea, kosa lile lile, ila ukaliongeza chumvi: ukaruka mapigo matatu badala ya moja, vinyundo vikayumba ukingoni kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake, kisha vikarudi kwenye mdundo bila wasiwasi wowote.

"Unanitania," Sekela alisema taratibu.

Kokuhirwa aliangua kicheko. Akakikata katikati kwa kuziba mdomo, akabaki amesimama hivyo, mkono mdomoni, akikiangalia kitu alichokikuza kwa miaka kumi na moja na alichopanga kukikata Jumatatu.

*

Tumpe alikuwa ameegemezwa mito miwili, bakuli la uji tumboni. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na nyusi zake zilikuwa bado zimechongwa vizuri.

"Dada, nasikia sahihi yako ndiyo inayosubiriwa."

"Nani kakwambia?"

"Wodi nzima inajua. Yule mama wa dirishani amekuombea dua tangu asubuhi, akakuombea na kalamu." Tumpe akaligonga paja lake kwa kijiko. "Leo imefika hapa. Sisikii kitu. Ila mikono bado mizima, naweza kukuzaba kibao ukinichelewesha."

Sekela alichukua kijiko akaanza kumlisha, ingawa mikono ilikuwa mizima kweli na Tumpe hakuwa akitaka kulishwa.

"Leo umeupigia nini?"

"Ule wa harusi. Mrefu."

"Kidole kikakushinda pale konani."

"Kikanishinda."

Tumpe aliacha kumeza. Walikuwa wamepiga pamoja miaka ishirini, na uso wa dada yake aliusoma kuliko alivyosoma kitabu chochote. "Usiniambie."

Sekela hakumwambia.

"Utando ulikuja," Tumpe alisema.

"Ulikuja."

"Ulikujaje?"

Sekela akamwonyesha, kwa vidole, kwenye ukingo wa sinia. Pengo, na zile bangili mbili pembeni. Tumpe alisikiliza akiwa amefumba macho, na kwa muda mfupi uso wake ukawa uso wa msichana aliye uwanjani. Halafu akayafumbua.

"Basi umempata mwenzako, dada," alisema. "Na mimi nakufa."

Hakupandisha sauti. Sekela alishika lile bakuli la uji mpaka likapoa.

*

Ijumaa asubuhi Dokta Nsolo, mwenyekiti wa baraza la chuo, alikuja maabara mwenyewe. Alikuwa daktari wa mifupa kabla ya kuwa mtawala, mtu mpole wa maneno machache, na kwenye koti lake palikuwa na karatasi yenye majina ya wagonjwa.

"Umeandika ndiyo," alisema, fomu ikiwa mkononi.

"Nimeandika ndiyo."

"Kwa hiyo tunahitaji ridhaa. Mwalimu, ridhaa ya beseni inaombwaje?"

Sekela alikuwa amelifikiria hilo tangu alipotoka wodini. Kwao, alieleza, ikitokea misiba miwili kuangukia siku moja, kikundi cha ngoma hakina budi kugawanyika. Kiongozi hapangi nani aende wapi. Anapiga mdundo uitwao mgawanyo, mara moja, na anayekubali kuondoka anaujibu. Asiyekubali hunyamaza, na hakuna anayemuuliza sababu.

"Na Utando utajuaje kwamba unaulizwa habari za kukatwa?"

"Hapo ndipo mimi sitoshi," Sekela alisema, akamgeukia Kokuhirwa.

Kokuhirwa alikuwa na jibu. Bila shaka naye hakulala. Kati ya baka na baka palipita mkondo mwembamba wa umeme, ndio uliowezesha arobaini kuwa mmoja. Angeweza kuuzima kwa baka moja moja, kwa kitambo cha kupepesa jicho. Kila pigo la mgawanyo, baka moja lingeonja upweke, kisha lingerudishwa. Utando ungeelewa kinachoombwa kwa njia pekee ambayo kitu kingeweza kuelewa jambo kama hilo.

Wakafanya hivyo. Sekela aliketi na ngoma, Kokuhirwa akasimama kwenye swichi zake, na Nsolo, hakuna aliyejua kwa nini, alivua viatu ingawa alikuwa tayari amevaa mifuko ya plastiki juu yake. Mgawanyo ni mdundo wa polepole. Pigo, na taa moja ikafifia, ikarudi. Pigo, nyingine. Sekela aliona jinsi mabaka ya jirani yalivyoshtuka kila mwenzao alipopotea, na jinsi yalivyomulika alipopokewa. Pigo la arobaini lilipotoka, aliweka viganja juu ya ngozi ili inyamaze.

Utando ukanyamaza nao. Taa zote zilisimama mahali zilipo, jambo ambalo Kokuhirwa hakuwahi kuliona kwa miaka kumi na moja. Dakika moja ikapita. Mbili. Mbao za sakafu zililia mahali fulani.

Kisha, upande wa kaskazini wa beseni, taa moja ilizimika.

"Sijagusa kitu," Kokuhirwa alinong'ona, mikono ameiinua juu.

Ikazimika ya pili kando yake. Ya tatu. Utando ulikuwa unajikata wenyewe mkondo, baka kwa baka, bila kukurupuka, na kila baka lilipojitenga kinyundo chake kiligonga chuma mara moja, pigo la kuaga kama wapigaji wanavyofanya wakifika njia panda. Ya nne, ya tano, ya sita. Ya saba ilikawia. Ilififia, ikarudi, ikafifia, na vinyundo vya jirani zake vikagonga polepole kwa pamoja mpaka ikatulia na kuzima. Mabaka saba yalikuwa yamekaa peke yao ukingoni, yamejikusanya, tayari kuchukuliwa. Yaliyobaki thelathini na matatu yakawasha taa upya.

Sekela alikuwa amesikia ngoma maisha yake yote, harusini, matangani, mbele ya marais watatu. Hakuwahi kusikia kitu kikubwa kama kile kilichopita kati ya pigo la sita na la saba.

Nsolo ndiye aliyezungumza kwanza. "Saba zinatupa nini?"

"Dawa itawahi, lakini saba zitaweza kutoa kidogo tu," Kokuhirwa alijibu. "Mgonjwa mmoja kati ya sita. Baada ya mwaka, vipande vikikua, labda wote. Kwa sasa mmoja kati ya sita. Itabidi tupige kura nani apate."

Nsolo aliitoa ile karatasi ya majina, akaitazama, akaikunja tena. "Mwalimu. Chuo hiki hakijawahi kuiomba Sanaa jambo kubwa namna hii."

"Ndiyo maana hakijui inavyoombwa."

"Omba tena. Tafadhali."

"Mgawanyo haupigwi mara mbili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukiuliza mara ya pili, mtu anakwenda kwa kuona haya. Si kwa kutaka."

Kokuhirwa alisogea karibu, akaongea chini chini, sauti ya mtu anayejua kwamba anachokisema si kizuri. "Mwalimu, Utando utakubali. Unajua utakubali. Mkono wako ukitetemeka tu kidogo, utakusikia. Utakuja ulipo."

Hilo ndilo lililokuwa likimchoma Sekela tangu taa ya saba ilipozimika. Alijua. Hakuhitaji hata kupiga vizuri. Angeiacha mikono iseme jina la Tumpe, angeanguka mbele ya kile kitu, kweli kabisa, bila kuigiza, na Utando ungefanya kile unachofanya mwenzako akianguka. Ungetoa zote. Ungezitoa kwa upendo, na yeye angekuwa ameutumia uzuri wake kuuchinja. Na Tumpe angetembea. Wale wote waliomo kwenye karatasi wangetembea.

Ndani ya beseni vinyundo vilianza tena, taratibu, mdundo wa harusi. Thelathini na vitatu tu, sauti imepungua upande mmoja. Vilifika konani, vikaacha pengo, vikamsubiri.

Mkono wake wa kushoto ulinyanyuka wenyewe. Ulikuwa unatetemeka. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine, ukiwa juu ya ngozi, na Nsolo na Kokuhirwa walikuwa wakiutazama pia.

Aliushusha kwenye paja. Pengo likapita tupu, mdundo ukaendelea, ukazunguka, ukamfungulia tena. Likapita tupu mara ya pili. Sekela aliilaza ngoma ubavu sakafuni, jinsi inavyolazwa ngoma ikiisha, akasimama kwa kushika meza.

"Umetoa saba," alisema. "Andikeni saba."

*

Aliikata bustani ya chuo kwa miguu, koti limefungwa vibaya. Wanafunzi waliomwamkia hakuwaona. Wodini yule mama wa dirishani alimtazama usoni, akageukia ukuta.

Tumpe hakuwa na bakuli safari hii. Mikono yake ilikuwa juu ya shuka, na kimojawapo cha vidole vya kulia kilikuwa kimekaa vibaya, kimelala jinsi kidole kizima kisivyolala.

Sekela aliketi ukingoni mwa kitanda na kumsimulia yote, tangu pigo la kwanza. Alimsimulia jinsi taa ya saba ilivyokawia, na wenzake walivyoibembeleza. Hakuruka kitu, hata maneno ya Kokuhirwa, hata mkono wake ulivyonyanyuka. Ilikuwa rahisi kuruka, na Tumpe asingejua kamwe.

"Ungeomba tena, Utando ungekubali?"

"Ungekubali."

"Zote?"

"Zote arobaini."

Tumpe alivuta pumzi, na ilionekana kwamba kuvuta pumzi kumeanza kuwa kazi. "Ningekuwa mimi, ningeomba."

"Najua."

"Ningeomba mara kumi. Ningelia mbele yake. Ingekuwa wewe umelala hapa, dada, ningeuchukua wote bila hata kufikiri, na nisingejuta."

"Najua, mdogo wangu."

Kwenye kitanda cha mbali muuguzi alikuwa akimgeuza mgonjwa, akihesabu moja, mbili, tatu kabla ya kumnyanyua.

"Kura inapigwa lini?" Tumpe aliuliza.

"Jumatatu."

"Basi usiende popote mpaka Jumatatu."

Sekela akavua koti, akavua viatu, akapanda kitandani kando yake.